Kukadiria Hali na Thamani ya Sarafu za Kale za Fedha: Maneno na Vipimo katika Nchi ya Kahama

Mwaka 2017 neno makinikia lilitoka migodini likaingia vinywani mwa watu wote wa Tanzania. Mwezi wa Machi mwaka ule Serikali ilizuia kusafirishwa nje mchanga wa madini wa migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na kwa miezi mingi watu hawakuwa na mazungumzo mengine. Wengi walibishana juu ya dhahabu iliyokuwamo. Wachache walikumbuka kwamba ndani ya mchanga ule, pamoja na dhahabu na shaba, ilikuwamo fedha. Nadhani kosa halikuwa la wasikilizaji, bali la neno lenyewe. Ukisema, "Katika makontena yale mna fedha," mtu hufahamu kwamba wanena habari za mapato. Hafahamu kwamba wanena habari za madini meupe yanayofuliwa bangili na mikufu.

Utata huu wa neno fedha si jambo la mzaha kwa mtu aliye na sarafu ya kale mkononi. Sarafu ya fedha ni nini? Kwa maana moja sarafu zote ni za fedha, hata ile ya shaba. Kwa maana ya pili ni zile tu zilizopigwa kwa madini ya fedha. Katika nchi ya Kahama na Shinyanga, hata kufika Geita, mwenye sarafu ya namna hii aghalabu huipeleka kwa sonara au kwa mnunuzi wa dhahabu, kwa kuwa hao ndio wenye mizani. Mauzo hufanyika kwa maneno machache sana, na yale maneno machache ndiyo yanayomponza muuzaji. Hivyo basi katika makala haya nakusudia kueleza jinsi hali na thamani ya sarafu hizo zinavyopimwa, na papo hapo kutazama Kiswahili kina maneno gani ya kazi hiyo na kimepungukiwa na yapi.

Tuanze na majina, maana majina ya sarafu ni ushahidi wa historia yake. Fedha ni neno la Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni yale madini. Sarafu nalo latoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubadilisha, ambao ndio uliotupa pia kitenzi kusarifu. Rupia asili yake ni Kisanskriti, na maana yake ni fedha iliyofuliwa au kupigwa chapa. Kwa hiyo mtu asemaye "rupia ya fedha" amesema "fedha ya fedha" bila kujua. Reale, au riale, ni ya Kihispania. Dola ni ndugu ya neno la Kijerumani thaler, ambalo ni kipande cha jina la mji wa Joachimsthal uliopiga sarafu kubwa za fedha katika karne ya 16. Pesa ni paisa ya Kihindi. Hela ni Heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyopata jina lake katika mji wa Hall, na ambayo katika Kirundi imezaa neno amahera, yaani fedha za namna yo yote.

Hapa pana jambo ambalo sijaliona likielezwa ipasavyo. Pesa na hela zilikuwa majina ya sarafu za shaba, tena zenye thamani ndogo: pesa 64 zilifanya rupia moja, na baada ya mageuzi ya Wajerumani ya 1904 hela 100 zilifanya rupia moja. Leo maneno haya mawili ya shaba ndiyo yanayotumika kila siku kwa maana ya fedha zote, hali rupia na reale, zilizokuwa fedha hasa, zimetoka katika mazungumzo ya kila siku. Maoni yangu ni kwamba neno huishi mahali kitu kinapopita mikononi. Shaba ilizunguka sokoni kila siku. Fedha ilipokewa kwa nadra, ikalipwa kodi, ikafukiwa ndani ya chungu au ikayeyushwa kuwa pambo. Neno la kitu kilichofukiwa hufukiwa nacho.

Thumuni ni mfano mwingine wenye faida. Kwa Kiarabu ni sehemu ya nane. Watu wa pwani waliita senti 50 thumuni, na mwanafunzi wa leo hushangaa kwa nini nusu ya shilingi iitwe sehemu ya nane. Jawabu ni kwamba ilikuwa sehemu ya nane ya reale iliyohesabiwa kuwa shilingi nne. Reale imetoweka, lakini kivuli chake kimebaki katika hesabu.

Wazee wa pwani walikuwa na uainishaji wao wa sarafu za fedha, uliowahi kuandikwa katika karne ya 19 na Askofu Steere katika msamiati wake. Palikuwa na reale ya Sham, reale ya mzinga, na reale ya Kifaransa, ambayo ni kipande cha faranga tano. Reale ya mzinga ni dola ya Hispania yenye sura ya nguzo mbili. Mtu wa Unguja aliyeona zile nguzo aliziona ni mizinga miwili, na kwa macho ya bandari yenye ngome sioni kwamba alikosea sana. Reale ya Sham ndiyo ile yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Jina la Sham nadhani laonyesha njia iliyopitia sarafu, si kiwanda kilichoipiga. Lakini la kuangalia zaidi ni kwamba wazee hawakuainisha kwa jina la mfalme wala kwa mwaka. Waliainisha kwa alama iliyoonekana kwa jicho, nayo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii.

Sarafu zinazoweza kukutwa katika nchi ya Kahama ni za namna chache. Wasafara wa Kinyamwezi walikwenda pwani na kurudi kupitia Tabora miaka mingi kabla ya utawala wa Wajerumani. Ingawa ujira wao mwingi ulikuwa nguo, shanga na waya, reale pia zilifika bara. Baadaye ikaja rupia, na baada yake kodi ya kibanda ya 1898, ambayo shambani ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Kodi hiyo ndiyo iliyoingiza rupia katika nyumba ambazo hazikuwa na haja nayo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza lililopita Shinyanga likamalizika mwaka 1928, siku za shilingi.

Reale ya Maria Theresa ina uzito wa gramu 28.07, upana wa kiasi cha milimita 40, na usafi wa sehemu 833 katika 1000. Ukingoni haina meno, bali ina maandishi ya Kilatini yaliyoinuka yenye maana ya haki na huruma. Sarafu hii ina hila moja: zote zina mwaka 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, hata zilizopigwa baada ya miaka 150. Katika karne ya 20 ilipigwa Vienna, na pia Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Sarafu yangu ina zaidi ya miaka mia mbili, tazama tarehe," tarehe haithibitishi neno lo lote. Wajuzi hutofautisha zilikopigwa kwa vitu vidogo kama manyoya ya mkia wa tai na lulu za kifungo kilicho begani mwa malkia. Wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi nao walizihesabu lulu hizo, na sarafu isiyozionyesha vema waliikataa.

Rupia zote za fedha zilizotumika katika Afrika ya Mashariki, za Bara Hindi, za Kampuni ya Kiingereza iliyopiga zake kwa jina la Mombasa mwaka 1888, na za Wajerumani, zilifuata kipimo kimoja: gramu 11.66, usafi wa sehemu 917 katika 1000, upana wa kiasi cha milimita 30 na nusu. Rupia ya Mombasa hujulikana kwa jua upande mmoja na mizani upande wa pili. Ya Bara Hindi hujulikana kwa mfalme wake. Katika rupia ya 1911 tembo aliyechorwa katika nishani ya Mfalme George alifanana na nguruwe, Waislamu wa Bara Hindi wakachukizwa, na mwaka 1912 mchoro ukarekebishwa. Mwenye ile ya 1911 asidhani kwamba amepata ya bandia.

Rupia za Wajerumani ni za namna mbili, na wauzaji wengi huzichanganya. Za kwanza, za 1890 hadi 1902, ni za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki: upande mmoja una Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na upande wa pili una ngao ya Kampuni yenye simba na mnazi. Za pili, za 1904 hadi 1914, ni za Serikali: Kaisari ni yule yule, lakini upande wa thamani una maandishi yaliyozungukwa na majani ya mnazi, na chini yake herufi A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Palikuwa na nusu na robo zake pia. Sarafu ya rupia 2 ilipigwa kwa miaka miwili tu, 1893 na 1894, nayo ni adimu kweli.

Kisha zikaja florini ya 1920, yenye uzito ule ule wa rupia lakini usafi wa sehemu 500 tu, na shilingi ya 1921, yenye gramu 7.78 na usafi wa sehemu 250. Shilingi zenye simba na mlima ziliendelea kuwa na robo ya fedha hadi 1946. Kuanzia 1948 zilikuwa za shaba na nikeli bila fedha hata chembe. Simba ni yule yule, na mlima ni ule ule. Hapa mwaka ndio kila kitu.

Msomaji apige hesabu. Rupia kamili ina gramu 10.69 za fedha halisi. Shilingi ina gramu 1.94. Kwa hiyo fedha iliyomo katika rupia moja yatosha shilingi tano na nusu. Lakini katika mageuzi ya 1920 na 1921 rupia ilihesabiwa kuwa florini moja, na florini kuwa shilingi mbili. Aliyebadilisha rupia yake alitoa fedha nyingi akapokea fedha kidogo, na aliyeifukia, ama kwa ubahili ama kwa ujinga wa tangazo, alibaki na madini yote. Sishangai kwamba rupia nyingi zilikwenda kwa masonara.

Sasa tuje kwenye kupima. Wanunuzi wa dhahabu wa sehemu hizi wana mizani ya kusoma hata sehemu ya mia ya gramu, na wengi wao wajua kupima kwa maji. Ujuzi huu uliokuzwa na dhahabu wafaa sana kwa fedha. Kwanza sarafu hupimwa uzito mkavu. Rupia iliyolika hupungua kidogo, lakini yenye gramu 10 au gramu 13 yafaa itiliwe shaka. Kisha kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani, mizani hurudishwa kwenye sifuri, na sarafu huning'inizwa kwa uzi mwembamba hata izame yote bila kugusa chini wala kando. Namba itakayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa rupia ya kweli ni kiasi cha gramu 1.13, kwa kipande cha shaba na nikeli chenye uzito ule ule ni gramu 1.30. Tofauti ni ndogo, lakini mizani ya mnunuzi wa dhahabu huiona bila shida. Reale ya Maria Theresa husukuma kiasi cha gramu 2.75. Sumaku haivuti fedha. Sarafu inayorukia sumaku haihitaji mjadala zaidi. Mlio wake ukigongwa ni mrefu na mwembamba, ingawa mimi nisingemhukumu mtu kwa masikio yangu.

Vipimo viwili vya machimboni havifai. Asidi hujibu swali lakini huacha kovu, na msasa hufanya vivyo hivyo. Mnunuzi anayeanza kwa kuikwaruza sarafu amekwisha kuamua kuinunua kama chakavu. Mashine za mionzi zinazotumika katika masoko ya madini, kama lile lililofunguliwa Geita mwezi wa Machi 2019, haziachi kovu, lakini husoma ngozi ya juu tu. Katika fedha ya kale iliyokaa udongoni shaba ya juu huliwa kwanza, na kwa sababu hiyo mashine yaweza kuonyesha usafi mkubwa kuliko ulio ndani.

Sarafu ikithibitika kuwa ya kweli, ndipo hali yake inapotazamwa, na hapa ndipo Kiswahili kinapotuachia kazi. Katika biashara ya ulimwengu sarafu hupangwa kwa daraja za kulika, na mwanazuoni wa Marekani, William Sheldon, alitunga mwaka 1949 kipimo cha namba hadi 70 ambacho hutumika mpaka leo. Lakini madalali wengi hutumia maneno, nayo maneno yenyewe ni mtego. Katika Kiingereza, neno lenye maana ya "njema" latajwa kwa sarafu iliyolika mno, ambayo sura ya mfalme imebaki kivuli. Katika Kijerumani, neno schön, yaani "nzuri" au "ya kupendeza", latajwa kwa sarafu iliyolika sana. Kwa sababu gani? Kwa sababu daraja zilipoanza zilikuwa chache, kisha kila kizazi cha wauzaji kikaongeza sifa juu ya sifa, na maneno ya awali yakashushwa hadi chini. Yaliyotokea hapo ni yale yanayoipata lugha yo yote inayouza. Basi mtu wa Kahama akiandikiwa kwamba sarafu yake ni "nzuri", akafurahi na kukataa bei, amedanganywa na tafsiri sahihi.

Kutafsiri maneno hayo, kwa hiyo, ni kurithi kosa la wengine. Yafaa tuchukue vitenzi vyetu vya hali, ambavyo vyaeleza kilichotokea bila kusifu wala kulaumu. Kiswahili ni tajiri hapa. Nguo huchakaa, kisu hulika, panga husagika, maandishi hufutika, kamba hukatika. Kuchakaa ni kwa nguo na vitu vya jumla, wala sipendi kukitumia kwa chuma. Kulika ndicho kitenzi chenyewe: kisu kilicholika bado ni kisu, lakini sehemu yake imekwenda.

Ningependekeza daraja tano. Ya juu kabisa ni sarafu yenye mng'ao wa chapa, yaani iliyobaki na ule mng'ao unaozunguka kama miali ukiigeuza mbele ya taa, ambao hutokana na kupigwa na haurudishwi kwa kusugua. Nimeepuka kusema "isiyotumika", kwa kuwa katika mazungumzo ya leo sarafu isiyotumika ni ile isiyokubaliwa dukani, na kwa maana hiyo rupia zote hazitumiki. "Isiyozunguka" ni mbaya zaidi. Kwa Kiswahili kisichozunguka ni gurudumu lililokwama. Daraja ya pili ni iliyoguswa: kila mstari upo, lakini vilele vimepoteza mng'ao. Ya tatu ni iliyopungua: vilele vimekuwa bapa, ingawa mistari ya ndani bado yasomeka. Ya nne ni iliyolika: sura ni umbo tu, lakini maandishi na mwaka vyasomeka. Ya tano ni iliyofutika, ambayo mwaka au sehemu ya maandishi imetoweka.

Katika rupia ya Wajerumani jicho litazame kwanza manyoya ya tai aliye juu ya kofia, kisha masharubu ya Kaisari na shavu lake, kisha, katika ile ya Serikali, mishipa ya majani ya mnazi. Tai akiwa na manyoya yaliyotengana, sarafu haishuki chini ya daraja ya pili. Tai akiwa bonge tupu, lakini kofia yaonyesha mapambo yake, ni ya tatu. Katika reale ya Maria Theresa zitazamwe nywele zilizo juu ya sikio, lulu za kifungo, na maandishi ya ukingoni, ambayo yakilika huwa ni dalili ya safari ndefu mifukoni.

Dosari ni jambo jingine, wala zisichanganywe na kulika. Sarafu yaweza kuwa na mng'ao wa chapa na bado ikawa na tundu. Tundu, alama ya lehemu, kupindika, kukwaruzwa na kung'arishwa vitajwe kila kimoja kwa jina lake, baada ya daraja. Kati ya hivyo, kung'arishwa ndiko kunakoharibu sarafu nyingi kuliko vyote, kwa kuwa hufanywa kwa nia njema. Mtu huona weusi juu ya fedha akadhani ni uchafu. Huchukua majivu, ndimu na chumvi, au dawa ya meno, akasugua hata sarafu ikang'aa kama kijiko kipya. Ule weusi si kutu. Ni utando unaotokea fedha inapokutana na salfa iliyomo hewani, nao ukiwa sawasawa pande zote hulinda kilicho chini yake, tena huwa ni ushahidi kwamba sarafu haijachezewa. Anayesugua huondoa ule utando pamoja na vilele vya mchoro, akaishusha sarafu daraja kwa dakika chache. Udongo wa sarafu iliyochimbuliwa wafaa kulowekwa katika maji safi na kuachwa utoke wenyewe, kisha sarafu ikaushwe kwa kitambaa laini bila kufuta.

Thamani basi hujengwa juu ya mambo matatu. La kwanza ni madini. Bei ya fedha ulimwenguni hutajwa kwa aunsi ya gramu 31.10. Rupia kamili ina kiasi cha aunsi 0.344 ya fedha halisi, reale ya Maria Theresa aunsi 0.752, florini aunsi 0.187, na shilingi ya kabla ya 1948 aunsi 0.0625, yaani moja ya kumi na sita. Muuzaji azidishe hesabu hiyo kwa bei ya siku ile, naye amepata sakafu ambayo hana sababu ya kuuza chini yake, isipokuwa upunguzo mdogo wa gharama ya kuyeyusha. La pili ni hali, kama tulivyoeleza. La tatu ni uadimu, ambao haupatani kila mara na umri. Rupia ya kawaida ya 1890 au 1905 iliyolika haizidi sana sakafu ya madini, ingawa ina zaidi ya miaka mia. Rupia 2 ya 1893 hata ikilika huwa mbali juu ya sakafu. Reale ya Maria Theresa, kwa wingi wake, aghalabu hubaki karibu na sakafu.

Nayataja haya kwa sababu ya uvumi. Katika sehemu nyingi za Tanzania watu huamini kwamba Wajerumani waliacha mali zilizofukiwa, na kwamba rupia au hela yo yote ya Mjerumani ni utajiri. Matapeli huishi kwa imani hii: mmoja hujifanya mnunuzi kutoka mbali anayetaka kutoa mamilioni, mwenzake hudai ada ya "kuipima" kabla ya malipo. Chanzo kimoja cha uvumi huu nadhani ni Tabora. Mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa na kukosa sarafu, walipiga zao katika karakana ya reli ya Tabora: rupia 15 za dhahabu kutoka mgodi wa Sekenke, zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na hela 5 na 20 za shaba na shaba ya njano zenye herufi T. Zile za dhahabu zilikuwa 16,198 tu, na bei yake ni kubwa kweli. Hela 20 zilipigwa kwa wingi sana, kwa hiyo si adimu hata kidogo. Herufi T ni ile ile katika zote, na habari ya ya dhahabu imeambukizwa ya shaba. Ada ya kupima isilipwe kwa mtu ye yote. Sonara mwenye mizani na kikombe cha maji hatahitaji zaidi ya robo saa.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, navyo haviruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Rupia za Wajerumani na shilingi ziko upande huu wa mwaka huo. Reale ya mzinga iko upande ule. Reale ya Maria Theresa inasumbua: tarehe yake ni 1780, lakini huenda ilipigwa mwaka 1937. Hapo mwenye nayo hawezi kujitetea kwa tarehe, wala mshitaki hawezi kumshitaki kwa tarehe. Manyoya ya mkia wa tai ndiyo yatakayoamua, na hiyo ni kazi ya mtu wa makumbusho.

Limebaki jambo moja juu ya sarafu zilizotobolewa. Kwa mkusanyaji tundu hupunguza bei kwa kiasi kikubwa, na mnunuzi atalitumia kushusha zaidi. Kwa sisi tunaochunguza lugha na desturi, hali ni kinyume. Rupia iliyotobolewa juu ya kichwa cha Kaisari ilivaliwa shingoni sura ikiwa imesimama wima. Iliyotobolewa pembeni ilivaliwa na mtu asiyejali sura ile, au aliyeigeuza nyuma kwa makusudi. Reale yenye alama ya lehemu ilikuwa kipande cha pambo, na pambo lilikuwa na jina. Mgodi wa Buzwagi, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, uliumaliza mwaka 2021, na maneno ya kazi yake tumeyakusanya kwa uchache sana. Majina ya mapambo ya fedha katika Kisukuma na Kinyamwezi tumeyakusanya kwa uchache zaidi. Kabla ya sarafu ya namna hii kwenda kwenye chungu cha sonara, ipimwe, ipigwe picha pande zote mbili na ukingoni, na mwenye nayo aulizwe wazee wake waliiitaje na ilivaliwa na nani. Majibu yake yaandikwe kama alivyoyatamka, katika lugha yake, pamoja na uzito na mahali.